Kemia ya Mlimani na Ganda la Korosho

Kitivo cha Sayansi kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, miaka 4 baada ya chuo chenyewe kuanza na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Kabla ya hapo aliyetaka shahada ya kemia katika Afrika Mashariki aliitazama Makerere. Idara ndogo ina adabu yake: mwanafunzi hana pa kujificha, na bomba la kioo likipasuka, anayejulikana kulivunja ni mmoja. Mimi naamini udogo huo ulikuwa na faida kuliko hasara.

Sisi watu wa Mnero, ndugu msomaji, kemia tulikuwa nayo kabla ya kulijua jina lake. Mtoto aliyewahi kung'ata ganda la korosho mbichi anajua midomo inavyobabuka. Bibi zetu walikaangia korosho nje, mbali na nyumba, na ole wake aliyesimama upande wa moshi! Kwa nini, hakuna aliyeeleza. Kumbe mafuta ya ganda yana asidi ya anakadi. Ikipashwa moto hutoa kaboni dayoksaidi na kubaki kadanoli, ambayo viwandani huingia katika rangi, vanishi na breki za magari.

Lakini elimu hiyo ilitufikia kwa njia nyingine, tena ya uchungu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, bei haikumtia mtu moyo, na juu ya hayo ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wakaonyesha kuwa unga wa salfa unauzuia. Salfa hiyo hiyo ambayo mwanafunzi wa sekondari huichoma maabara akakohoa, mkulima wa kusini akaipuliza shambani alfajiri, kabla upepo haujaamka. Aliijua bei yake vizuri sana. Alama yake S hakuwa na haja nayo.

Hapo ndipo mwanakemia anapohitajika kijijini, si mjini tu. Salfa ikianguka chini hugeuka asidi, na udongo wetu mwingi ni wa kichanga, hauna nguvu ya kuihimili. Uchunguzi wa miaka ya 1990 uliiona hatari hiyo. Dawa inayoponya maua yaweza kuudhuru udongo, na mkulima ana haki ya kuelezwa hivyo kwa lugha yake. Maneno yapo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990.

Idara ya Mlimani, kwa sifa yake, haikulisahau ganda. Wanakemia wake wameyachunguza mafuta yale kama kinga ya chuma dhidi ya kutu, na mwaka 2016 Egid Mubofu aliandika juu ya kuyageuza maganda yanayotupwa kuwa kemikali za thamani. Wakati huohuo sehemu kubwa ya korosho zetu huuzwa nje ghafi, ganda likiwa juu yake na mafuta yakiwa ndani ya ganda.