Poromoko la nini?

Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa Lemara, hapa Arusha, unauona Mlima Meru wote, na siku nyingine za masika kilele chake, mita 4,566, huamka kikiwa cheupe. Mara nyingi weupe huo haufiki jioni. Theluji ya namna hiyo ni chache mno kumfukia mtu, lakini waongozaji wengi wa wapanda milima wanaishi Arusha, na wageni wao huwauliza habari ya kile ambacho Wafaransa, na Waingereza kwa kuazima, hukiita avalanche. Jibu lililozoeleka ni “maporomoko ya theluji”. Kitenzi kilichomo ni sahihi kabisa. Wingi wake ndio unaonipa shida.

Kuporomoka ni kuanguka kwa wingi kutoka juu, kitu kilichokuwa kimeshikamana kinapoachia. Ndivyo theluji ya milima ya Ulaya inavyofanya. Hulala kwa matabaka, kila dhoruba na lake. Pengine tabaka la chini huwa chembe zisizoshikana, kama sukari, na juu yake upepo hurundika theluji nyingine ikakaza kuwa bamba. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio wa kuogopwa zaidi: ulio chini ya hapo kwa kawaida huishikilia, na ulio wima mno huimwaga kidogo kidogo kabla haijarundikana. Mtu akikanyaga mahali pabaya, tabaka dhaifu linavunjika, ufa unakimbia, bamba zima linaondoka naye. Wengi wanaofia humo wameliporomosha wao wenyewe au wenzao waliofuatana nao. Kwa hiyo anayefundisha somo hili kwa Kiswahili asiishie kwenye kuporomoka. Kuporomosha ndiko kunakomhusu msafiri.

Sasa huo wingi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ukitaja maporomoko bila kuongeza neno, watu wanaelewa Tululusia, maporomoko ya maji ambayo wageni hupelekwa kupiga picha. Neno la hatari lisigongane na la matembezi. Napendekeza umoja, poromoko, na kisha kitajwe kila mara kinachoporomoka, maana kujikinga kunategemea hicho.

Januari 2006, kwenye njia ya Western Breach ya Kilimanjaro, mawe yaliwashukia wapanda mlima na kuwaua Wamarekani watatu. Njia ikafungwa kwa muda. Lile halikuwa poromoko la theluji, ingawa barafu inahusika na hatari ya pale: usiku huyagandisha mawe mahali pake, jua likipanda inalegea na kuyaachia. Ndiyo maana kipande kile hupandwa usiku, ili kiishe kabla jua halijakolea. Ushauri huo haumsaidii aliye chini ya bamba la theluji iliyoanguka jana. Yeye anatakiwa auache mteremko ule kabisa, iwe usiku au mchana.

Wala haumsaidii wa Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia mjini na vijijini, na watu zaidi ya 80 wakafa. Lile ni poromoko la tope. Hupenda kufuata makorongo, na mtu hulikimbia kwa kupanda kando, si kwa kushindana nalo kuteremka.

Meru nao una la kwake, kubwa kuliko yote haya. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliachia, na kifusi kikatapakaa hadi Momela. Vile vilima na maziwa ambako watalii huenda kutazama heroe vimekaa juu yake. Hilo tuliite poromoko la mlima.

Kuna kitu kimoja nisingependa kiingizwe humu. Kwenye Meru, kati ya Rhino Point na Cobra Point, miamba hupata utando wa barafu usiku wa baridi, na hapo mtu anateleza, mlima haujaporomoka. Kwenye ubao wa tahadhari iandikwe wazi: “Mwamba una barafu, unateleza.” Anayepita pale saa nane usiku na taa ya kichwani anahitaji kujua aweke wapi mguu.