Kiainishi: Neno Dogo Kati ya Namba na Nomino

Mwanafunzi aliyeanza Kichina majuzi anataka kumweleza mwenyeji wake kwamba atakaa Beijing miezi mitatu. Namba anaijua: sān, tatu. Neno la mwezi analijua: yuè. Anaviunganisha, sān yuè, na mwenyeji anaitikia kwa kichwa akidhani mgeni anazungumzia Machi. Sān yuè ni mwezi wa tatu wa mwaka. Ili iwe miezi mitatu, lazima silabi moja ichomekwe katikati: sān ge yuè. Kiswahili hutenganisha mambo hayo mawili kwa “wa” na kwa umbo la wingi: mwezi wa tatu, miezi mitatu. Neno yuè halina umbo la wingi, kwa hiyo kazi yote imebebwa na hiyo ge.

Kwa wiki ni vivyo hivyo. Sān ge xīngqī ni wiki tatu, na xīngqīsān ni Jumatano. Hapo msemaji wa Kiswahili anawekewa mtego wa pili, kwa sababu Wachina huanza kuhesabu siku kwenye Jumatatu, ambayo kwao ni siku ya kwanza, ilhali hesabu iliyomo katika majina yetu inaanzia Jumamosi. Siku yao yenye “tatu” ndani yake ni ile tunayoiita ya tano.

Neno la aina ya ge huitwa kwa Kichina liàngcí, 量词. Liàng ni kiasi, cí ni neno. Sarufi ya Kichina haikuwa na jina hilo tangu zamani. Ma Jianzhong alipochapisha Mashi Wentong mwaka 1898, sarufi kamili ya kwanza kuandikwa na Mchina kwa kufuata mpangilio wa sarufi za Ulaya, hakuyatengea maneno haya kundi lao. Li Jinxi ndiye aliyetumia jina liàngcí katika sarufi yake ya 1924, lakini aliyaweka chini ya nomino. Yalipata kuhesabiwa kuwa aina ya neno inayojitegemea katika sarufi ya shuleni katikati ya miaka ya 1950. Wachina wenyewe, basi, walichukua muda kuamua neno hili ni la ukoo gani, na si ajabu Kiswahili nacho kikahitaji kulitafakari.

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hukutana na istilahi hii kupitia vitabu vilivyoandikwa kwa Kichina na Kiingereza. Ndivyo ilivyo tangu Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika, na nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013. Kiingereza kimezoea kuyaita “maneno ya kipimo”, na hivyo ndivyo yanavyoingia kwenye daftari la mwanafunzi. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa nusu ya maneno haya. Kwa nusu nyingine inapotosha.

Nusu inayokubali jina la kipimo ni hii. Sān jīn ròu ni nyama jin tatu, yaani kilo moja na nusu, kwa kuwa jīn moja ya China bara ni gramu 500. Sān bēi chá ni vikombe vitatu vya chai. Hapa kuna uzito na ujazo, na mtu akisema “kipimo” hakuna wa kumpinga. Lakini sān běn shū ni vitabu vitatu, na běn haipimi chochote. Kitabu kiwe cha kurasa thelathini au elfu tatu, kizito au chepesi, ni běn tu. Inachofanya běn ni kutaja kwamba kinachohesabiwa ni kitu kilichojalidiwa: kitabu, daftari, kamusi, albamu ya picha. Inakiweka kitu katika aina yake, yaani inakiainisha.

Zipo nyingi za namna hiyo, na kila moja ina jicho lake. Zhāng, ambayo asili yake ni kuvuta upinde au kutandaza, huhesabu vitu vyenye uso bapa: karatasi, tiketi, ramani, meza, kitanda, hata uso wa mtu. Tiáo huhesabu virefu vinavyopinda: mto, barabara, nyoka, samaki, taulo, suruali. Bǎ, inayotokana na kushika kwa mkono, huhesabu vyenye pa kushikia: kisu, mwavuli, ufunguo, kiti. Ng’ombe ana tóu, yaani kichwa. Gari lina liàng, ambayo hutamkwa kama ile ya liàngcí lakini huandikwa kwa herufi nyingine. Mti ni kē. Nyota, jino na ushanga navyo ni kē, ingawa hiyo ya pili pia ina herufi yake. Mtu wa kawaida ni gè. Mwalimu, mgeni au mzee anayepewa heshima ni wèi, na mhudumu wa mgahawa anapouliza mmefika wangapi, huuliza jǐ wèi, kwa adabu ileile inayotufanya tumwite mteja “mheshimiwa”.

Neno moja linaweza kupokea viainishi kadhaa, na kila kimoja kikabadili picha. Huā ni ua. Yì duǒ huā ni ua moja lililochanua, likitazamwa peke yake. Yì zhī huā ni ua pamoja na kikonyo chake. Yí shù huā ni shada. Yì pén huā ni ua lililopandwa kwenye chungu. Neno huā halijaguswa popote. Kilichobadilika ni neno dogo lililolitangulia.

Kwa nini Kichina kinahitaji haya yote? Njia nyepesi ya kulieleza kwa msemaji wa Kiswahili ni kuanzia jikoni. Hakuna asemaye “michele mitatu” akimaanisha punje tatu. Mchele hauhesabiki mpaka utafutiwe kitu cha kuhesabia: punje tatu za mchele, vibaba vitatu vya mchele, magunia matatu ya mchele. Kichina hutendea karibu nomino zake zote hivyo. Shū si kitabu kimoja wala vitabu vingi. Ni kitabu kwa jumla, kama mchele ulivyo mchele. Namba ikitaka kulikaribia, běn hutangulia kukata kipande kinachohesabika. Kwa mchele wenyewe Kichina kina lì, sān lì mǐ, na hiyo lì ni punje yetu kabisa. Tofauti ni kwamba punje kwa Kiswahili ni nomino kamili yenye ngeli yake, na tunaihitaji kwa vitu vichache tu, sawa na tone la maji, kichala cha zabibu, mkungu wa ndizi au doti ya kanga. Tena mazoea yetu ya mgahawani yanalegeza hata hapo: mtu huagiza “chai mbili” na hakuna anayeuliza vikombe vimekwenda wapi. Kwa sarufi ya Kichina bēi ina mahali pake: liǎng bēi chá. (Mbili nayo hubadilika. Mbele ya kiainishi, èr ya kuhesabia kwa kawaida huwa liǎng.)

Nomino chache huhesabiwa bila kiainishi kwa sababu zenyewe ni vizio. Sān tiān ni siku tatu na sān nián ni miaka mitatu, bila ge. Ndiyo maana mwezi huwasumbua wanaoanza: umekaa kati ya siku na mwaka, lakini haufuati desturi yao. Pia kuna mabaki ya Kichina cha kale, ambamo namba iliweza kugusana na nomino moja kwa moja. Nahau kama qiān shān wàn shuǐ, milima elfu na mito elfu kumi, isemwayo kwa safari ndefu yenye vikwazo, haina kiainishi hata kimoja. Nahau hujifunzwa ilivyo. Asiyekuwa mzoefu asitunge sentensi zake kwa kuiga sura hiyo.

Walimu wengi hufika hapa wakavutwa na neno jingine la Kiswahili: ngeli. Mvuto huo una msingi. Mwaka 1977 mwanaisimu Keith Allan aliandika makala katika jarida la Language akizigawa lugha zenye viainishi katika makundi manne, na kundi mojawapo lilikuwa la lugha zenye upatanisho, zikiwemo za Kibantu. Kithai kilikuwa mfano wa kundi jingine, la lugha zinazoainisha wakati wa kuhesabu, ambalo Kichina kinaangukia. Kwa macho ya mwanaisimu, KI-VI na běn ni ndugu wa mbali. Zote mbili hugawa vitu vya ulimwengu kwa sura, uhai au matumizi, na zote mbili zina mapengo ambayo mantiki haiyazibi. Kwa nini kifaru yuko na vitu? Kwa nini suruali iko na mito?

Hata hivyo, kumwambia mwanafunzi kwamba liàngcí ni ngeli ni kumpa mzigo asiohitaji. Ngeli imezaliwa na nomino na haiachani nayo. Tazama: “Vitabu hivi vitatu vizuri vimepotea.” Alama ya ngeli imepita katika kila neno la sentensi. Kwa Kichina: zhè sān běn hǎo shū diū le. Běn imetokea mara moja, baada ya namba, kisha kivumishi na kitenzi vikaendelea na shughuli zao bila kupatanishwa na chochote. Na pasipo na namba, kiashiria au neno la kuuliza idadi, kwa kawaida běn haionekani. “Napenda vitabu” ni wǒ xǐhuan shū, basi. Mswahili aliyeambiwa kuhusu ngeli hukaa akisubiri upatanisho usiokuja.

Ndiyo maana “kiainishi” linafaa kuliko yote mawili. Limeundwa kutoka kitenzi ainisha kama kivumishi kilivyotoka katika vumisha na kiunganishi katika unganisha, hivyo linakaa mezani na aina nyingine za maneno bila kuonekana geni. Linataja kazi ambayo běn, zhāng na tiáo zinaifanya. Neno “kipimo” libaki kwa jīn na bēi, kama tawi moja la kundi hilohilo, kwa sababu hata Kichina huyatofautisha matawi hayo kimya kimya: mtu anaweza kuchomeka de na kusema sān jīn de ròu, lakini sān běn de shū, kwa maana ya vitabu vitatu, itamkwaruza sikio mwenye lugha.

Mahali ambapo tofauti hizi hugusa mfuko ni sokoni. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaokwenda Guangzhou na Yiwu kununua kwa jumla huhitaji viainishi mapema, maana bei hutajwa kwa kiainishi. Duōshao qián yì shuāng ni bei kwa jozi ya viatu. Zhī ni kiatu kimoja. Suruali huulizwa kwa tiáo, shati kwa jiàn, seti kwa tào, dazeni kwa dá, katoni kwa xiāng. Kitambaa kizima ni pǐ, sawasawa na jora letu, na herufi hiyohiyo ya pǐ ndiyo inayohesabu farasi. Jiàn inahitaji tahadhari. Kwenye duka la rejareja ni nguo moja, lakini kwenye mazungumzo ya jumla na usafirishaji inaweza kuwa kifurushi kizima. Anayeweka oda ya jiàn hamsini aulize kwanza ndani ya jiàn moja mna nguo ngapi.

Anayeanza ana kimbilio, nalo ni ge. Watoto wa Kichina huanza nayo, na watu wazima huitumia sana katika mazungumzo ya haraka. Orodha ya maneno 150 ya ngazi ya kwanza ya HSK, mtihani wa kupima Kichina cha wageni, ile iliyoanza kutumika 2010, ilidai viainishi vya kuhesabika kwa vidole, ge na běn vikiwemo, pamoja na kuài ya kuhesabia pesa. Asemaye sān ge shū ataeleweka, ingawa atasikika kama mtoto. Asemaye sān shū amevunja sarufi. Ushauri wa kufuata hapa ni ule tunaowapa wageni wanaojifunza Kiswahili: andika neno pamoja na mwenzake. Mgeni huandika kitabu/vitabu kwenye daftari lake. Anayejifunza Kichina naye aandike yì běn shū, yì zhāng piào, yì bǎ sǎn, akariri sauti yote kama kitu kimoja.

Limebaki tawi la tatu, ambalo hata istilahi ya kiainishi hailitoshelezi vizuri. Kichina kina liàngcí za kuhesabu vitendo, na hizo hukaa baada ya kitenzi. Cì ni mara, bila kujali kitendo kilikamilika au la. Biàn ni mara iliyoanza mwanzo ikafika mwisho. Tàng ni mara ya kwenda mahali na kurudi. Kiswahili hutosheka na “mara” kwa zote tatu, kisha huongeza maelezo pale yanapohitajika. Kwa sasa “kiainishi cha kitendo” kinaweza kutumika darasani, kwa sharti kwamba mwalimu atoe mfano wenye aina zote mbili pamoja, kama huu: zhè běn shū wǒ kàn le sān biàn. Kitabu hiki nimekisoma mara tatu, toka jalada hadi jalada. Běn imekihesabu kitabu, biàn imeuhesabu usomaji.