Safu ya Lugha: "Oğlu" si jina la mtu

Juzi nilimsikia mtangazaji wa mpira akimfupishia jina Hakan Çalhanoğlu: "Oglu anapiga kona!" Hapana. Oğlu kwa Kituruki ni "mwana wake". Ukilitaja peke yake, umemwita mtu mwana bila kusema ni wa nani. Tena hiyo ğ haitamkwi kama g yetu. Huirefusha tu irabu iliyotangulia, ikawa "oolu". Ndiyo maana Erdoğan husomwa "Erdoan".

Wengine hulifananisha na bin. Yanakaribiana, lakini bin hubadilika kila kizazi: Ali bin Juma akipata mtoto, huyo ni bin Ali. Oğlu limeganda, babu na mjukuu hulitumia lilelile. Chanzo ni sheria ya 1934 iliyomtaka kila raia wa Uturuki awe na jina la ukoo. Kabla ya hapo wengi walitambulishwa kwa jina la baba, kazi au mahali. Basi mmoja akawa Demirci, yaani mhunzi. Mwingine Kaya, mwamba. Mwingine Yılmaz, asiyetishika. Rais Mustafa Kemal alipewa na Bunge jina Atatürk, Baba wa Waturuki, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulichukua.

Mwaka huohuo vyeo vya bey, paşa na efendi vilifutwa kisheria. Hilo la mwisho tunalo hata sisi: ndilo asili ya afande.

Watangazaji wetu, tafadhali litajeni jina zima: Chalhanoolu.