Anakoroma, kisha ananyamaza: tatizo la usingizi linavyopimwa

Kila tunapogusia usingizi hewani, wanaopiga simu kwa wingi ni kina mama, na lalamiko ni lile lile: mzee anakoroma, ananyamaza ghafla kama aliyekata roho, halafu anashtuka akihema. Asubuhi mwenyewe hakumbuki kitu.

Ukimya huo ndio wa kuogopwa kuliko makelele. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, oksijeni hushuka kwenye damu, na ubongo humzindua mtu kidogo ili avute pumzi. Kila mara moyo huenda mbio na presha hupanda. Hali hiyo ikijirudia usiku baada ya usiku, presha hubaki juu hata mchana. Ndiyo maana mgonjwa anayemeza dawa za presha za aina tatu bila nafuu anafaa kuulizwa analalaje. Kisukari na kiharusi navyo vinahusishwa na tatizo hili.

Upimaji huanza kwa maswali. Dodoso linalotumika sana ni la Epworth, lililotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, mwaka 1991. Lina hali 8: je, unaweza kusinzia ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria kwa saa nzima, hata ukizungumza na mtu? Kila hali ina alama 0 hadi 3. Jumla ikizidi 10, kusinzia kwako mchana si kwa kawaida. Dereva, tunajua kishawishi cha kujipunguzia alama kwa kuhofia kazi. Jibu kweli, abiria wako nyuma. Na nenda na mwenzi wako, maana yeye ndiye shahidi.

Kipimo kamili ni kulala usiku mmoja ukiwa umefungwa vifaa vinavyorekodi mawimbi ya ubongo, pumzi, moyo na oksijeni. Kila pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa. Kwa mtu mzima, mara 5 hadi 14 kwa saa ni tatizo dogo, 15 hadi 29 la wastani, 30 na kuendelea kubwa. Vifaa hivi havipo kila hospitali, ila vipo vidogo vya kulala navyo nyumbani.

Ukisubiri zamu yako, lala kwa ubavu na uache pombe jioni. Dawa za usingizi usijinunulie dukani: baadhi yake huzidi kulegeza koo.