Kiduha cha Pande Mbili za Mpaka
Mwaka 1902 Waingereza waliumega mkoa wa mashariki wa Uganda, wakautia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Wasamia na Wateso wakabaki huku na huku. Historia za mpaka huu hupenda magendo. Mimi namfikiria mkulima wa Busia au Tororo na kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo. Hunyonya mizizi ya mahindi na mtama. Kung'oa hakutoshi: mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE, Mbita, waliona kuwa desmodiamu ikipandwa kati ya mahindi hukizuia kiduha. Ina majani matatumatatu kama klova; mwenye bustani ya nyasi angeing'oa.