Sifu, Shifu na Fundi

Ndugu wenzangu mliolala bweni moja nami mwaka 1974 hamjausahau ule uwanja wa mchanga nyuma ya karakana, ambako kila Jumamosi jioni, baada ya kufua, vijana kumi na mmoja tulirushiana mateke mpaka kengele ya chakula ilipolia. Sinema za Bruce Lee zilikuwa zimekwisha fika Dar es Salaam, na mwenzetu aliyerudi likizo akiwa ameiona moja alihesabiwa kuwa msomi. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa kidato cha pili. Alikuwa na kijitabu chenye picha, na humo alisoma kwamba mwalimu wa kungfu huitwa sifu. Basi akatuamuru tumwite hivyo. Tulicheka sana, maana kwa Kiswahili ilikuwa kana kwamba mtu anaomba asifiwe, na wako waliomjibu, "Tumekwisha kukusifu, sasa tufundishe."

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nilijiunga miezi minne baada ya wengine, nikakataa katakata kumheshimu mtoto wa darasa la chini yangu. Maneno yakawa mengi, na mwishowe nikatumia ukiranja wangu kukifunga kikundi chote. Sikuona kosa. Shuleni kwetu mkubwa alikuwa ni yule wa kidato cha juu, basi.

Neno lile, hata hivyo, halikuwa geni kwangu. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza mwaka 1970, na ulipofika upande wa kwetu, Mlimba, nilikuwa nikienda kuwatazama Wachina kazini. Palikuwa na fundi mitambo mmoja mzee ambaye wenzake walimwita kwa jina la ukoo wake, kisha wakaongeza shifu. Sikumwona hata siku moja akimpiga mtu teke. Alikuwa na spana mkononi. Nikaamua kwamba shifu ni fundi tu, na kwamba kijitabu cha mwenzetu kilidanganya. Ilipita miaka zaidi ya kumi, hadi nilipopelekwa Beijing kwa mafunzo ya kazi ya reli, ndipo nikajua kuwa kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya jambo.

Wachina wana shifu mbili. Zikitamkwa husikika karibu sawa, na watu wa kusini, wa Canton na Hong Kong, husema sifu. Zikiandikwa ni mbalimbali. Sehemu ya kwanza, shi, ni mwalimu katika zote mbili. Lakini fu ya neno moja ni baba, na fu ya neno la pili ni jina la kale la mkufunzi, ambalo liliingia hata katika vyeo vya walimu wa wana wa wafalme. Hili la pili ndilo wanalopewa seremala, mpishi, dereva na mtu yeyote mwenye ujuzi wa mikono. Kiswahili kinalo tayari: ni fundi wetu, na yule anayejifunza kwake ni mwanagenzi. Lile la kwanza, mwalimu-baba, ndilo la mlezi wa mwanafunzi wa kungfu.

Kwa nini baba? Mafundisho ya Confucius yalihesabu mahusiano makuu matano: mtawala na mtawaliwa, baba na mwana, mume na mke, kaka na mdogo wake, rafiki na rafiki. Tazama vizuri, mwalimu hayumo. Mtu aliyetaka kumfungamanisha mwalimu na mwanafunzi kwa kifungo kisichokatika ilimlazimu aazime kifungo cha damu. Tena ujuzi wenyewe ulikuwa riziki ya nyumba. Waliojua kupigana walilinda misafara ya mali au walilinda matajiri, na siri ya kazi kama hiyo haipewi mpita njia. Hupewa mwana.

Kwa hiyo palikuwa na sherehe ya kumfanya mgeni kuwa mwana, nayo huitwa baishi. Mtu anayefahamika humleta kijana na kumdhamini. Kijana hutoa barua yenye jina lake, hupiga magoti, huinamisha kichwa hadi chini, kisha humpa mwalimu chai kwa mikono miwili. Mwalimu akiinywa, amempokea. Kabla ya siku hiyo kijana ni mwanafunzi tu, na huweza kumwita mwalimu laoshi, kama anavyoitwa mwalimu wa shule. Baada yake ni tudi, mwanafunzi aliyeingia mlangoni. Husema hivyo hasa, mlangoni, na yule wa mwisho kupokewa na mzee huitwa mwanafunzi wa kufunga mlango. Wenzetu wa pwani hawatashangaa, maana kwao pia mlango ni tawi la ukoo.

Akishakuwa mwana, jamaa wote wanafuata. Mke wa mwalimu ni shimu, mwalimu-mama. Aliyejifunza pamoja na mwalimu wako lakini alimtangulia ni shibo, baba mkubwa. Aliyemfuata ni shishu, baba mdogo. Yaani, Wachina hupambanua baba mkubwa na baba mdogo kama tunavyofanya sisi, jambo ambalo Mwingereza na "uncle" wake hawezi kulielewa bila kuchorewa picha. Na mwalimu akiwa mwanamke? Bado huitwa shifu, baba ndani yake, wala hakuna anayeona ajabu.

Sasa nafika pale paliponiumiza. Mwanafunzi aliyekutangulia ni kaka, shixiong (tamka shi-shiung). Aliyekufuata ni mdogo wako, shidi. Umri hauulizwi. Kinachotazamwa ni siku uliyoingia mlangoni. Mwenye mvi akiingia leo atamwita kaka kijana wa miaka ishirini aliyeingia jana.

Na kaka huyo si jina la bure. Ip Man (1893–1972), mwalimu mashuhuri wa Wing Chun, alipokewa akiwa mtoto huko Foshan na mzee Chan Wah-shun, akawa mwanafunzi wake wa mwisho. Mzee akafariki, na kazi ya kumwendeleza mtoto ikamwangukia Ng Chung-sok, mwanafunzi wa siku nyingi wa mzee yuleyule. Alimfundisha, naam, lakini katika hesabu ya ukoo alibaki kaka. Baadaye, Hong Kong katika miaka ya 1950, Bruce Lee aliingia kwa Ip Man, na sehemu kubwa ya mafunzo yake ilitoka kwa Wong Shun-leung, ambaye kwake alikuwa kaka vilevile. Kumbe shujaa wetu wa sinema naye alipigishwa mazoezi na kaka wa mlangoni!

Mambo hayakukaa hivyo siku zote. Mwaka 1910 chama cha Jingwu kilianzishwa Shanghai, kikafundisha watu wengi kwa pamoja, na baadaye hata wanawake. Mwaka 1928 serikali ilifungua chuo cha mchezo huo Nanjing. Darasani mwalimu-baba hana nafasi, laoshi anatosha. Baada ya mwaka 1949 mchezo ukawa chini ya idara za michezo, na anayefundisha timu akawa kocha, jiaolian. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, kumpigia mtu magoti kulihesabiwa kuwa ukabaila. Watu waliitana tongzhi, wenye nia moja, kama sisi tulivyoitana Ndugu, na ile shifu ya fundi ikaenea kwa wafanyakazi wote. Ndiyo niliyoisikia Mlimba. Ile ya baba ilirudi hadharani miaka ya 1980, na chai ikaanza kunywewa tena.

Huko Beijing nilimwona mzee mmoja akifundisha bustanini kila alfajiri. Watu kama thelathini walimwita laoshi. Watatu tu walimwita shifu, na mmoja wa hao watatu, mwenye miaka ipatayo sitini, alimngoja binti wa miaka thelathini aanze ndipo naye aanze. Niliuliza sababu. Nikajibiwa kwa mkato: yeye alitangulia.

Nimelifikiri sana jambo lile la karakana. Jina la sifu mwenzetu hakustahili, maana hakuna aliyempokea wala chai aliyomnywesha mtu. Mwalimu wetu sote alikuwa kijitabu. Lakini yeye ndiye aliyekisoma kwanza, na mimi niliingia miezi minne baadaye. Kwa sheria ya mchezo niliotaka kujifunza, alikuwa kaka yangu, nami nilikifunga kikundi chake kwa sababu ya kidato.

Nimeambiwa atahudhuria mkutano wetu wa Desemba. Waandaaji nawaomba wanikalishe meza moja naye, karibu na birika.