Kitambaa cha Bayeux na Swali Asiloulizwa Mtunzaji

Kila mwaka, katika muhadhara wangu wa kwanza kuhusu ushahidi wa kihistoria, huwauliza wanafunzi: Mfalme Harold wa Uingereza aliuawaje katika vita vya Hastings, mwaka 1066? Wachache wanaokifahamu kisa hicho hujibu bila kusita kwamba alichomwa mshale wa jicho. Ndipo huwaambia kuwa jibu lao linategemea uzi, na uzi wenyewe huenda si wa zama zile.

Picha ya mshale huo imo katika Kitambaa cha Bayeux, huko Normandy, Ufaransa. Ni ukanda wa kitani wenye urefu wa karibu mita 70 na kimo cha nusu mita, uliotariziwa kwa nyuzi za sufu katika karne ya 11 kusimulia jinsi William wa Normandy alivyoiteka Uingereza. Wataalamu wengi huamini kuwa aliyeuagiza ni Askofu Odo, ndugu wa William kwa mama, na kwamba mafundi walikuwa Waingereza. Kama ni hivyo, walioshindwa ndio waliotarizi ushindi wa waliowashinda, na majina yao hayakuwekwa popote.

Katika karne ya 19 kitambaa kilifanyiwa marekebisho makubwa. Michoro ya karne ya 18, iliyotangulia marekebisho hayo, haionyeshi waziwazi mshale wenye manyoya tunaouona leo. Wanahistoria wangali wanabishana. Fundi anayeziba tundu kwa nia njema aweza kubadili sababu ya kifo cha mfalme. Lakini tundu lililoachwa lilivyo nalo husema: mchoraji Charles Stothard, aliyekinakili kitambaa hicho kuanzia 1816, alifuata matobo ya sindano pale nyuzi zilipokwisha kutoweka, akazitambua picha zilizopotea. Uchakavu nao ni waraka.

Watawala hawakuusoma waraka huo. Wakati wa Mapinduzi, mwaka 1792, kitambaa kilinusurika kufanywa turubai la gari la mizigo ya jeshi. Mwanasheria mmoja wa mji ule ndiye aliyekiokoa. Mwaka 1803 Napoleon alikipeleka Paris kuchochea ari, naye akijiandaa kuivamia Uingereza. Mwaka 1941 Wanazi walituma watafiti wao kutafuta humo utukufu wa asili yao. Kila mmoja alijiona yeye mwenyewe katika picha zile. Kitani kilichozibeba hakukiona.

Bandu bandu huisha gogo. Ukaguzi wa mwaka 2020 ulihesabu madoa 24,204, makunyanzi 16,445, sehemu 9,646 zilizopungukiwa na kitambaa au utarizi, na mipasuko 30 ambayo haijadhibitiwa. Hata hivyo, Julai 2025 Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba kitambaa hicho kitaazimwa kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuanzia Septemba 2026 hadi Julai 2027. Baadhi ya wahifadhi wamepinga, wakihofia mitikisiko ya safari. Maofisa wamejibu kuwa safari yaweza kufanywa kwa usalama.

Mimi si mtaalamu wa nguo za kale, wala sitaamua ugomvi huo. Ninachokitazama ni mpangilio wa tarehe. Nia ya kukiazima ilitangazwa Januari 2018, miaka miwili kabla madoa na mipasuko hiyo haijahesabiwa. Aliyeulizwa baada ya hapo hakuulizwa, "Je, kisafirishwe?" Aliulizwa, "Kisafirishwe vipi?" Maswali hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma mnaifahamu vizuri tofauti hiyo. Jalada hufika mezani likiwa limekwisha kuamuliwa, nanyi mwatakiwa kueleza utekelezaji tu. Naomba mwandike pia jibu la swali la kwanza, hata kama hakuna aliyewauliza, mlitie sahihi na tarehe. Huenda lisibadili lolote leo. Lakini atakayelifungua jalada hilo miaka mingi baadaye atakuta tobo la sindano, na kwa hilo atajua kwamba palikuwa na uzi.